Tabibu wa kombania: mafunzo ya kuokoa majeruhi vitani, nafasi zilipo na pengo lililobaki

Mzee wa Raskazone (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Vijana wanaomaliza utabibu na uuguzi hapa mkoani hunifuata na swali moja: "Mzee, nikiingia jeshini nitasomea nini zaidi? Au nitakaa zahanati ya kikosi nikitoa dawa za malaria mpaka nistaafu?" Nimewajibu wengi barazani, mmoja mmoja. Leo naandika ili asome yeyote.

Nilitumikia upande wa tiba, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa na kombania ya askari wa miguu, mbali na hospitali. Sitataja kikosi wala mambo ya ndani ya jeshi. Yote nitakayoandika yako wazi kwa anayependa kusoma.

Kwanza tujue majeruhi wa vita hufia wapi. Mwaka 2012 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha utafiti uliopitia vifo 4,596 vya askari wao vitani, kuanzia 2001 mpaka 2011. Asilimia 87 walikata roho kabla ya kufikishwa kituo chochote cha tiba. Karibu robo ya hao walikuwa na majeraha ambayo mtu angeweza kupona. Na katika robo hiyo, tisa kati ya kila kumi waliondolewa na kitu kimoja: damu kuvuja.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Daktari bingwa wa upasuaji, awe hodari namna gani, anamsubiri majeruhi mahali ambapo wengi hawafiki. Anayeamua nani atafika ni yule tabibu mwenye begi mgongoni na bunduki mkononi, anayetambaa kwenye majani pamoja na platuni. Nafasi bora za mafunzo zinapopatikana, yeye awe wa kwanza kwenye orodha. Kwa mazoea ya majeshi mengi duniani, yeye huwa wa mwisho.

Mpaka miaka ya 1990 hata majeshi makubwa yalimfundisha tabibu wa vita kama mhudumu wa gari la wagonjwa mjini. Fungua njia ya hewa, weka dripu, mfunge shingo asitikisike, mpakie. Tonikei, ule mkanda wa kubana mguu au mkono damu isipite, ilionekana kitu cha hatari cha kukimbilia mwisho kabisa. Agosti 1996 madaktari watatu wa Marekani, akiwemo Frank Butler aliyekuwa mpiga mbizi wa makomando kabla ya kusomea udaktari, walichapisha makala iliyogeuza mambo. Walisema matibabu ya vitani lazima yaendane na vita yenyewe. Wakayagawa katika awamu tatu.

Awamu ya kwanza ni wakati risasi bado zinapigwa. Hapo kazi ni kujibu mapigo, kumvuta mwenzako nyuma ya kinga na kufunga tonikei, basi. Ukianza kupima mapigo ya moyo katikati ya risasi utawapa wenzako majeruhi wawili. Awamu ya pili ni mkishapata kinga: unamkagua kwa utaratibu. Kwanza damu nyingi inayotoka, kisha njia ya hewa, kisha kifua na pumzi, kisha mzunguko wa damu, kisha baridi na jeraha la kichwa. Awamu ya tatu ni safari ya kumtoa, kwa gari, boti au helikopta, na matunzo njiani.

Jambo la baridi huwashangaza watu wa pwani. Majeruhi aliyepoteza damu hupoa hata kwenye joto letu la Januari, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Kwa hiyo blanketi ni dawa kamili kwake.

Mafunzo hayo, ambayo dunia nzima inayaita TCCC, sasa yana ngazi nne. Ya chini ni ya kila askari, saa 7 tu. Ya pili ni ya askari mpiganaji aliyeongezewa ujuzi wa kuokoa, saa 40. Ya tatu ni ya tabibu wa vita mwenyewe, saa 63. Ya nne ni ya madaktari na wahudumu wa juu. Video na miongozo yake imewekwa bure mtandaoni na idara ya afya ya jeshi la Marekani, kwenye tovuti ya Deployed Medicine. Mwenye simu na bando anaweza kuanza leo jioni.

Kwa Umoja wa Mataifa kuna kozi mbili za kuzijua. Moja ni ya huduma ya kwanza kwa mwenzako, ambayo kila mlinda amani anatakiwa kuwa nayo kabla ya kwenda misheni. Nyingine ni ya matabibu wasaidizi wa uwandani, ndefu na nzito zaidi, ambayo imekuwa ikitolewa pia Entebbe, Uganda, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kushirikiana na nchi zinazotoa askari. Zote zimejengwa juu ya kanuni ya 10, 1, 2: dakika 10 majeruhi awe amezibwa damu na njia ya hewa iko wazi, saa 1 awe mikononi mwa wahudumu wa juu, saa 2 awe amefika kwenye upasuaji.

Angalieni hiyo namba ya kwanza. Ndani ya dakika 10 hakuna helikopta iliyokwisha kuruka. Kuna tabibu wa kombania tu, na askari aliyelala karibu na majeruhi.

Karibuni tujadili.

---

Kijana wa Pongwe

Shikamoo mzee. Nimemaliza stashahada ya utabibu, nina namba ya usajili, bado sina ajira. Nilipita JKT Maramba kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Nikitaka kufuata njia hii naanzia wapi?

---

Mzee wa Raskazone

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Jeshi hutangaza nafasi za wenye taaluma za afya. Tangazo likitoka soma masharti ya umri na vyeti neno kwa neno, na usimpe mtu yeyote hela akikuambia ana njia ya mkato. Ukichaguliwa unapita kwanza mafunzo ya awali ya kijeshi kama kuruta mwingine yeyote. Wengi wamepikwa Kihangaiko, pale Msata, wilaya ya Bagamoyo. Wanaoteuliwa kuwa maofisa hupitia Monduli. Taaluma yako haikupunguzii kwata wala mbio, na usitamani ikupunguzie. Tabibu asiyeweza kumbeba mtu wa kilo 80 mwenye silaha hawezi kumuokoa.

Baada ya hapo kitovu cha tiba ya jeshi letu ni Lugalo, Dar es Salaam, kwenye hospitali kuu na chuo chake. Wanaokwenda kulinda amani hupewa maandalizi yao, na pale Kunduchi kuna kituo cha mafunzo ya ulinzi wa amani.

Nafasi za nje haziombwi na mtu binafsi. Zinakuja serikali kwa serikali, kisha jeshi linateua. Marekani hufundisha matabibu wake wa vita Fort Sam Houston, San Antonio, Texas, kwa wiki 16. Yule wa vikosi maalumu husoma Fort Bragg, North Carolina, kwa takribani wiki 36, na humo anajifunza mpaka kumhudumia majeruhi muda mrefu bila daktari. Pia kuna mazoezi ya pamoja yanayofanyika hapa hapa nyumbani. Zoezi la Justified Accord mwaka 2025 lilifanyika Djibouti, Kenya na Tanzania. Mwaka 2024 askari wetu na wa China walifanya zoezi la Peace Unity, kwenye kituo cha mafunzo cha Mapinga, Bagamoyo, na meli ya hospitali ya China ikatia nanga Dar es Salaam kipindi hicho hicho. Mtu wa tiba akiwekwa kwenye mazoezi kama hayo aulize, aandike, ashike vifaa kwa mikono yake. Wiki mbili za namna hiyo zina faida kuliko makabrasha ya mwaka mzima.

Wakati unasubiri usikae bure. Nitarudi kwenye hilo.

---

Mkuu wa Chumbageni

Mzee nakuheshimu, ila haya ni mambo ya nchi tajiri. Wenzetu wana helikopta zinazosubiri injini zikiwa moto, damu kwenye mabegi ya barafu, na kila askari ana kifurushi chake kiunoni. Sisi tukimpeleka tabibu wetu Texas akarudi, atafanya nini na ujuzi usio na vifaa? Mimi naona fedha ziende kwenye vifaa na usafiri kwanza, mafunzo baadaye.

---

Mzee wa Raskazone

Mkuu, swali zuri, nitalijibu kwa urefu.

Usafiri una maana, sibishi. Juni 2009 waziri wa ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliagiza kila majeruhi wa Afghanistan afikishwe hospitali ndani ya saa moja. Wastani wa safari ukashuka kutoka dakika 90 hadi 43, na vifo kati ya majeruhi vikapungua kutoka asilimia 13.7 hadi 7.6. Hizo ni roho za watu, na helikopta zilichangia sana.

Lakini chukua mfano wa pili, wa jeshi lile lile na vita ile ile. Kikosi chao cha 75 cha Ranger kilianza mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kamanda wao, wakati huo Kanali Stanley McChrystal, aliagiza mambo manne yafundishwe kila mtu bila kujali cheo: utimamu wa mwili, shabaha, mbinu za vikundi vidogo, na tiba ya majeruhi. Tiba ikawekwa sawa na shabaha. Mpishi anajua, dereva anajua, kamanda mwenyewe anajua. Madaktari wao walipofanya hesabu ya kuanzia 2001 mpaka 2010, walikuta vifo 32, na kimoja tu ndicho kilichoonekana kingeweza kuzuilika. Yaani asilimia 3, wakati kwa jeshi lao zima ilikuwa karibu robo. Walipanda ndege zile zile na kupelekwa hospitali zile zile. Tofauti ilikuwa mafunzo, na kwamba kamanda aliyachukua kuwa kazi yake, hakuwaachia madaktari.

Saa 7 za kumfundisha kila askari hazihitaji helikopta. Zinahitaji mwalimu, uwanja, mikanda ya mazoezi na kamanda mwenye nia.

Na hoja yako ya usafiri, mkuu, ukiigeuza inanisaidia mimi. Nchi yetu inalijua hili kwa uchungu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, ilishambuliwa. Tulipoteza askari 15, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka uliofuata ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu askari wale na kuwatoa, na ukataja upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Soma hayo kama tabibu. Maana yake ni kwamba majeruhi walibaki na wenzao. Pasipo usafiri, mafunzo ya aliye karibu ndiyo yote uliyonayo.

Zaidi ya miaka minne kabla ya hapo, sisi tulikuwa tunajua pia habari ya Darfur, Sudan: Julai 2013 wenzetu 7 waliuawa kwa kuviziwa na 17 kujeruhiwa. Watu kumi na saba kwa mpigo. Hata ungekuwa na daktari kwenye msafara, mikono miwili haitoshi watu kumi na saba. Lazima askari wenyewe wajue.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

---

Mama Salha, Makorora

Amina. Mimi si mtu wa tiba, ila mwanangu wa pili yuko ulinzi wa amani, nchi siitaji. Nimesoma uzi huu mpaka machozi. Mzee, naomba kuuliza kwa lugha ya mama: huyo mwanangu ni askari wa kawaida tu, si mganga. Naye anafundishwa kumziba mwenzake damu? Na mwenzake anafundishwa kumziba yeye?

---

Mzee wa Raskazone

Mama Salha, pole na hongera kwa kulea askari. Ndiyo, kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka kila mlinda amani apate mafunzo ya huduma ya kwanza kwa mwenzake kabla ya kuondoka. Anafundishwa kubana damu, kufungua njia ya hewa, kuziba jeraha la kifua, kumlaza na kumfunika, na kuita msaada kwa taarifa fupi iliyonyooka. Akipiga simu muulize tu: "Mwanangu, tonikei yako umeiweka wapi?" Jibu zuri ni mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote inafika. Swali la mama huwa halisahauliki.

---

Nesi wa Ngamiani

Mzee shikamoo. Niko kitengo cha dharura, hospitali siitaji. Nataka kuongeza upande wa mikono.

Ujuzi wa dharura unaisha upesi usipotumika. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vizuri kabisa ambao hawajawahi kukutana na mgonjwa anayemwaga damu kwa kasi. Siku anapokutana naye, mikono inatetemeka, anatafuta glavu wakati sekunde zinakwenda. Wala simlaumu, hakuna anayezaliwa anajua. Lakini tabibu wa kikosi wakati wa amani anaona nini? Mafua, malaria, kifundo cha mguu kilichoteguka mpirani, kuruta aliyezimia juani. Halafu unampeleka vitani unataka afanye ndani ya dakika moja jambo ambalo hajalifanya miaka mitatu.

Wenzetu Waingereza walifunga hospitali zao za kijeshi na kuwaweka wahudumu wao wa jeshi ndani ya hospitali za raia, kama ile ya Queen Elizabeth kule Birmingham, ili kila siku washike wagonjwa wa kweli. Wamarekani hupeleka timu za upasuaji za jeshi kwenye kituo cha majeraha cha Ryder, Miami, kabla hazijaondoka kwenda vitani, kwa sababu usiku mmoja wa Miami una majeruhi wa risasi na ajali wa kutosha.

Sisi Tanga hatuna risasi, alhamdulillahi. Lakini tuna barabara ya Segera na tuna bodaboda. Mguu uliosagwa na lori pale Michungwani, ukiutazama kama tabibu, ni ndugu wa mguu uliokanyaga bomu: mfupa nje, mshipa unaruka, matope ndani ya kidonda, mtu amepoa, ndugu wanalia pembeni. Tabibu wa kikosi akipangiwa zamu za usiku za mwisho wa wiki kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, miezi michache kila mwaka, atakuwa na mikono iliyo tayari. Na sisi tutapata watu wa kusaidia, maana usiku wa Jumamosi hatutoshi.

Kijana wa Pongwe, kwako wewe: kuna kozi ya siku 5 ya huduma za msingi za dharura, iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ikatolewa rasmi 2018. Ilijaribiwa Uganda, Zambia na hapa kwetu kabla ya kutoka. Ni bure kusoma. Utaratibu wake wa kumkagua mgonjwa unakaribiana sana na alioueleza mzee. Anza na hiyo. Na ujitolee kitengo cha dharura, wakikukubalia, uwe mpeleka machela ikibidi.

---

Mzee wa Raskazone

Marahaba dada, umesema kiini cha mambo kuliko nilivyosema mimi.

Wakuu, hili ndilo pengo ninaloliona. Tunahesabu nafasi za mafunzo kwa safari na vyeti, fulani kaenda nchi fulani wiki sita, picha ya pamoja, kamaliza. Mwaka mmoja baadaye yuko kwenye zahanati ya kambi akiandika dawa. Makubaliano ya maandishi kati ya kikosi na hospitali ya rufaa, zamu zinazojulikana, msimamizi anayesaini kitabu cha kazi zilizofanywa kwa mkono: mishipa iliyozibwa, vifua vilivyotobolewa kutoa hewa, damu iliyowekwa. Hiyo ni nafasi ya mafunzo maalumu na haihitaji pasipoti. Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, iko kilomita chache kutoka hapa ninapoandika.

Tunao pia walimu. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, ya kwanza kamili ya aina yake nchini, na mwaka huo huo chuo cha Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa dharura. Leo wahitimu wao wapo. Miaka 20 iliyopita tungelazimika kwenda kuwatafuta nje.

---

Mwalimu wa Historia

Habari zenu. Naomba kuweka neno la mji wetu.

Mnaposema Raskazone mnakumbuka kwamba hapo ndipo majeshi ya Waingereza na Wahindi yalipoteremka Novemba 1914? Vita vya Tanga vilikwenda tarehe 3 hadi 5. Waingereza walipigwa vibaya na Wajerumani waliokuwa wachache, waliopoteza watu kama 70 hivi, wakati upande wa pili walipotea mamia na mamia walijeruhiwa. Walipopanda meli kuondoka waliwaacha majeruhi wao wengi nyuma, na waliotibiwa walitibiwa hospitalini hapa na adui zao. Ofisa wa Uingereza alikuja na bendera nyeupe kujadiliana habari za majeruhi na kuwaletea dawa.

Na vita vile vya Afrika Mashariki viliua zaidi kwa maradhi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 Februari 1916. Kufikia Oktoba waliobaki wazima wa kupigana walikuwa 116, na hawakuwa wamepigana sana. Wapagazi, babu zetu, walikufa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa. Tabibu wa kombania anayejua risasi tu na hajui maji ya kunywa, vyandarua na choo, hajakamilika.

---

Mzee wa Raskazone

Mwalimu, ahsante sana. Kwenye misitu ya Kongo tabibu wetu anakabiliana na malaria kali na kwenye maeneo hayo hayo Ebola imewahi kutangazwa. Kozi za mambo ya maji, wadudu na usafi wa kambi zisidharauliwe kwa kuwa hazina mshindo.

Na ile habari ya bendera nyeupe ina fundisho lake. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda mhudumu wa tiba na inamdai pia: amhudumie majeruhi kwa kuangalia hali yake, awe wa kwetu au wa adui. Tabibu anayekwenda vitani asomee na hili, na kamanda wake alijue, ili siku ya siku asiamriwe kinyume.

---

Kombania B (mstaafu)

Mzee nakusabahi. Naongeza moja kwa vijana, kwa sababu vita vya sasa vimebadilika tena.

Ukraine imefundisha kwamba droni zinaweza kuzuia majeruhi kuondolewa kwa saa nyingi, wakati mwingine siku. Tonikei iliyofungwa kuokoa maisha ikikaa muda mrefu mno inaua mguu. Kwa hiyo tabibu anatakiwa ajue kuikagua upya: hali ikitulia, na kama hazijapita saa 2, ajaribu kubadilisha kwa bandeji ya mgandamizo, akiwa amejiandaa kuifunga tena. Zikipita saa 6 asiifungue huko porini, amwachie daktari. Haya yamo kwenye miongozo, ila wengi wanafundishwa kufunga tu, hawafundishwi kufungua.

Pia kuna majeraha ambayo tonikei haifiki: kinena, kwapa, shingo. Huko unashindilia gozi mpaka ndani na kugandamiza kwa nguvu dakika kadhaa bila kuchungulia. Halafu damu ya tumbo na kifua, ambayo kwenye ule utafiti wa 2012 ilichukua theluthi mbili ya vifo vya kuvuja damu vilivyoweza kuzuilika. Hiyo inataka damu na kisu cha upasuaji. Ndiyo maana vikosi vingine vinapima kundi la damu la kila askari mapema na kujua nani anaweza kumtolea nani papo hapo. Na ipo dawa ya traneksamiki asidi: jaribio kubwa lililochapishwa 2010, la wagonjwa zaidi ya 20,000, lilionyesha inapunguza vifo ikitolewa ndani ya saa 3. Wakunga wanaijua dawa hiyo, inatumika kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua.

---

Nesi wa Ngamiani

Kweli kabisa, tunayo wodi ya wazazi. Tabibu wa kikosi akija zamu, tumpeleke na leba pia. Hakuna mahali atakapoona damu nyingi ikienda upesi kama pale, na ataona timu iliyozoea kuizuia.

---

Mkuu wa Chumbageni

Mzee, kwenye jambo la saa 7 kwa kila askari umenishinda, nakubali. Kwenye vifaa bado nashikilia: fundisha, lakini na kifurushi kiwepo kiunoni. Mtu asifundishwe kwa tonikei halafu aende na kitambaa.

---

Mzee wa Raskazone

Hapo tuko pamoja mkuu, wala hatubishani. Majeruhi aliyefungwa kabla hajazimia kwa kupungukiwa damu na aliyefungwa baada, wametofautiana mno. Kwa hesabu ya hospitali moja ya jeshi la Marekani mjini Baghdad, wa kwanza walipona asilimia 90, wa pili asilimia 10. Kifaa kikiwa kwenye lori nyuma ya msafara, umeshachelewa.

---

Kijana wa Pongwe

Nashukuruni wazee wangu na dada. Nimepakua miongozo tayari. Swali la mwisho: mimi niko mtaani, sina tonikei ya kununua. Ikitokea ajali hapa Pongwe leo, mguu unaruka damu, nafanyaje?

---

Mzee wa Raskazone

Mwanangu, anza kwa kugandamiza moja kwa moja kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako wote. Kama haikati na ni mguu au mkono, chukua kitambaa imara chenye upana wa sentimita 4 au zaidi, kanga iliyokunjwa inafaa, usitumie kamba wala waya kwa sababu vinakata nyama. Funga sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, kuelekea moyoni, usifunge juu ya goti wala kiwiko. Piga fundo, weka kijiti kigumu juu yake, piga fundo la pili, zungusha kijiti mpaka damu isimame kabisa, kisha kifunge kisirudi nyuma. Itamuuma sana, atakusihi ulegeze. Usilegeze. Bado inatoka? Weka ya pili kando ya ile, upande wa juu. Andika saa uliyofunga pajini au kwenye paji la uso kwa kalamu ya wino, mfunike, mpeleke Bombo, na ukifika mwambie nesi wa mapokezi kwa sauti: "Ana tonikei, imefungwa saa fulani."

Na kesho jioni njoo Raskazone na kanga ya mama na kijiti cha muarobaini. Mlete na rafiki yako anayesoma uuguzi, tufunge miguu ya kila mmoja mpaka mjue.

---

Kijana wa Pongwe

Nakuja mzee. Tuko wanne.